Sura Niliyomchagulia Nthenya

Mimi ndiye niliyechagua ile sura, kwa hivyo sitamsingizia shetani. Nilikaa nayo wiki nzima, nikaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, nikajiona mwalimu. Marko sita, habari ya Herodia na kichwa cha Yohana Mbatizaji. Nilimchagulia rafiki yangu Nthenya kwa sababu nilimwona amebeba kinyongo, na nilidhani mtu akisomewa kinyongo chake kwenye Biblia atakitambua na kukitua. Mimi huyu Kaluki, fundi wa sare za shule hapa Migwani, nikajifanya daktari wa roho za watu.

Acha niwaeleze habari za Nthenya kwanza, maana siku hizi watu wanamsema vibaya na wengi wao hawamjui.

Tulikutana darasa la nne. Hakuwa na wembe wa kuchongea penseli, nikamkopesha wangu, na kesho yake akaniletea viazi vitamu viwili bado vina moto, amevifunga kwenye kona ya sweta. Miaka arobaini na kitu baadaye bado anakumbuka ule wembe. Hivyo ndivyo alivyo. Ukimtendea wema hasahau, na ukimtendea ubaya hasahau pia, na mimi katika ujinga wangu nilikuwa nafikiri hizo ni tabia mbili tofauti.

Kazi yake ni kusokota kamba za mkonge. Anazisokota juu ya paja, mpaka ngozi ya hapo imekuwa ngumu kama ya kisigino. Kamba zake hazikatiki, uliza mtu yeyote sokoni. Na wanaozinunua zaidi ni watu wanaopeleka mbuzi wa ntheo.

Kwetu Ukambani mwanamke hahesabiki kuwa ameolewa mpaka hao mbuzi wafike kwao. Mnaweza kukaa pamoja, mkazaa, mkafunga hata harusi ya kanisani yenye keki ya ghorofa tatu. Bila mbuzi wa ntheo bado wewe ni msichana wa baba yako, umeenda tu kutembea. Na mbuzi hawapelekwi na kamba kuukuu. Unanunua kamba mpya, ya mkonge, iliyosokotwa vizuri, ndiyo wakwe waone umejiandaa.

Nthenya alikaa na Munyao miaka mitatu, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya mashine ya posho. Munyao alikuwa mchuuzi wa mifugo, mtu wa maneno matamu. Alisema mbuzi atawapeleka mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha. Akasema baada ya mavuno. Tukavuna pojo na mbaazi, akasema mwaka ujao. Kisha biashara ikamvuta Mwingi, akaanza kulala huko siku mbili, siku tano, mwezi. Siku moja ya soko rafiki mmoja wa Munyao alikuja kwa Nthenya akanunua kamba tatu mpya. Nthenya akamchagulia zilizo bora, akamfungia kwenye gazeti, na kwa sababu alikuwa mtu wanayejuana naye akamwongezea kipande cha kufungia mzigo. Mtoto wake Wavinya alikuwa na miaka miwili, yuko mgongoni amelala.

Zile kamba zilifunga mbuzi ambao Munyao aliwapeleka kwa kina Nduku, kule Mwingi.

Habari ilifika baada ya siku tisa. Nthenya hakulia. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Kaluki, niliwasokotea mwenyewe." Nikamwambia yatapita. Ni neno tu la kusema mtu akikosa la kusema, na hayakupita. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alirudi kwao, kwa kaka yake Musyimi, akapewa nyumba ya vyumba viwili, akasokota kamba miaka ishirini na nne.

Jambo moja lilimkera kuliko yote na hakulisema kwa mtu ila mimi. Wavinya alipoingia sekondari, nafasi aliipata shule ya kutwa Mwingi, na hapakuwa na pa kukaa ila kwa babake. Nthenya akakubali kwa kuuma meno. Nduku, ambaye hakuwa na mtoto wa kike, alimpokea yule msichana akamlea miaka minne. Alimsuka nywele, alimnunulia vitu vya wasichana bila kuambiwa, alilala naye hospitali malaria ilipompanda. Likizo Wavinya akirudi nyumbani anaanza, "Mama Nduku alisema," halafu anaona uso wa mamake, ananyamaza. Hata hivyo Nthenya hakusema neno. Ningemjua vizuri ningeogopa huo unyamavu.

Basi Wavinya akamaliza shule, akawa mwalimu wa chekechea Malili, kule barabara ya Mombasa, na huko akapatana na Mbithi, fundi wa magurudumu ya malori. Kijana mpole, anaenda kanisa, mikono haitoki grisi hata umwoshe na nini. Mwaka huu akasema anataka kuleta mbuzi. Musyimi kama mjomba akamwambia vile mzee yeyote angemwambia: mbuzi wa binti hawatangulii wa mama. Munyao alete kwanza wa Nthenya, ndipo tufungue mlango kwa wa Wavinya.

Munyao akapigiwa simu. Kwa sasa ni mzee, sukari imemmaliza miguu, anatembea kwa fimbo. Alijibu hapo hapo, "Nitaleta. Nilikosea, nitaleta."

Nilikimbia kwa Nthenya nikidhani nitamkuta anacheka. Alikuwa amekaa na mkonge pajani, mkono umesimama.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo," akasema. "Simu moja tu."

Hapo ndipo nilipoona kile kinyongo kwa macho yangu. Nikaogopa kwa ajili ya Wavinya, kwa sababu sasa harusi yake ilikuwa mikononi mwa mama mwenye hasira ya miaka ishirini na nne.

Kanisa letu lilikuwa limegawa akina mama wawili wawili wasome Neno majumbani. Mimi na Nthenya tulikuwa tunasoma Alhamisi saa nane kwangu kibandani, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akisokota. Alhamisi hiyo nikafungua Marko sita. Nilisoma vile Herodia alivyomwekea Yohana kinyongo akitafuta nafasi asiipate, mpaka siku ya karamu. Binti yake akacheza, mfalme akapendezwa, akamwapia mbele ya wageni kwamba aombe lolote atapewa. Nikasoma polepole pale binti anapotoka kwenda kwa mamake kuuliza, niombe nini, naye anamjibu, kichwa cha Yohana.

Nikamtazama Nthenya. Alikuwa ameacha kusokota. Nikasema moyoni, asante Yesu, limeingia.

"Kwani mfalme hakutaka kumwua?" akauliza.

"Hakutaka. Alihuzunika sana."

"Na si alikuwa mfalme? Angesema hapana."

"Angesemaje, Nthenya? Alikuwa ameapa mbele ya watu. Wageni wote wanamwangalia. Angekuwa peke yake na yule mama chumbani angekataa, na ndiyo maana yule mama hakumwomba chumbani miaka yote hiyo." Nikapata moto. "Unaona ujanja wake? Kwanza anangoja. Pili hasemi yeye, anamtuma mtoto, maana baba hawezi kumnyima mtoto. Tatu anahakikisha wageni wapo."

"Wageni wapo," akasema Nthenya.

"Ndiyo. Sasa wewe unajifunza nini hapo?"

Aliinamisha kichwa akafikiri. Akasema amejifunza mengi, na Mungu anibariki kwa kumfafanulia. Tukaomba. Nililala vizuri sana usiku huo, mjinga mimi.

Jumatatu yake Nthenya akamwambia Musyimi hakuna haja ya kukutana mara mbili. Munyao aje Jumamosi kupanga habari ya mbuzi wake, na watu wa Mbithi kutoka Malili waje siku hiyo hiyo wasikie wenyewe, ili pasiwe na maneno baadaye. Musyimi akaona ni busara. Mimi nilijiuliza kwa nini anataka wageni wengi hivyo, kisha nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumamosi wakajaa. Wazee wa Munyao watatu, watu wa Mbithi saba, pasta, majirani. Mimi nilikuwa jikoni na Nthenya, tunapika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye sufuria kubwa. Dirisha la jikoni linatazama uwanja, kwa hivyo tulisikia yote. Munyao alisimama kwa fimbo. Aliongea kama mtu aliyeyabeba muda mrefu. Alisema alimkosea Nthenya, alimkosea mtoto. Akamwita Wavinya asimame mbele yake.

"Mwanangu," akasema, "sitaki uende Malili na moyo mzito. Sema mbele ya hawa wageni unataka nifanye nini, na hata iwe nini nitafanya. Mungu anasikia na watu wanasikia."

Wageni wakapiga makofi. Pasta akasema amina. Na yule msichana, badala ya kujibu, akainua kidole kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa, akageuka, akaja mbio mpaka jikoni. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwaitu, mama yangu, nimwambie nini?"

Haki nilikuwa na mwiko mkononi, nikausahau hewani. Niliisikia ile sura ikisomwa kwa sauti yangu mwenyewe.

Nthenya hakufikiri hata kidogo. Jibu lilikuwa tayari. "Mwambie hao mbuzi waletwe na Nduku," akasema. "Yeye mwenyewe, si wanaume. Awashike kamba, atembee nao kwa miguu kutoka barabarani, apite sokoni watu wakimwona, mpaka hapa mlangoni, anikabidhi mkononi."

Cheko la Wavinya lilififia usoni polepole. Wanaume ndio hupeleka mbuzi. Mwanamke kuburuta mbuzi wa mwanamke mwenzake katikati ya soko, na yeye ndiye wa kanisani na pete, ni kumvua nguo.

"Mama, Nduku hakufanya kitu."

"Sijasema alifanya."

"Basi mwambie baba wewe mwenyewe."

"Aliyeulizwa ni wewe. Ukishindwa hakuna ubaya. Wangu sitapokea, na mjomba wako amesema wako hawatangulii. Mbithi atangoja."

Nikasema, "Nthenya, hapana. Hivyo sivyo tulivyosoma."

"Tulisoma vizuri," akaniambia kwa upole kabisa. "Wewe ndiye ulinifafanulia."

Wavinya akanitazama. "Anti," akasema. Hilo tu. Alikuwa ananiomba nitoke niende pale uwanjani niseme kitu, mimi mwenye mdomo kuliko watu wote wa Migwani, mimi ninayegombana na karani wa soko kila wiki. Nikageuka nikakoroga muthokoi. Sijui kwa nini. Niliona aibu kwamba ni mimi niliyemfundisha, na aibu ikanifunga mdomo, na wakati natafuta neno msichana alikuwa ameshatoka.

Alisema kama alivyotumwa, neno kwa neno, akiangalia chini. Munyao akakaa. Akawatazama watu wa Malili, akamtazama pasta ambaye alikuwa ametoa simu anaikagua. Akasema, "Sawa." Wa nyuma hawakusikia, ikabidi arudie.

Nilijaribu, msiseme sikujaribu. Nilienda kwa pasta, akaniambia tuliweke kwenye maombi. Nilienda kwa Musyimi, akasema Munyao ameapa mbele ya watu, sasa yeye afanye nini. Mwishowe nikapanda gari nikaenda Mwingi kwa Nduku mwenyewe. Nilimkuta mbele ya duka lao anapepeta pojo. Nilikuwa sijawahi kuongea naye. Miaka yote nilimchukia kwa niaba ya rafiki yangu, na kumbe ni mama mnene tu wa kawaida, ana miwani imefungwa na uzi sikioni.

Nikamwambia, "Kataa. Sema unaumwa. Ukikataa wewe, hawawezi kukulazimisha."

Aliendelea kupepeta. "Na Wavinya ataolewaje?"

Nikakaa kwenye kizingiti cha duka.

"Zile kamba za wakati ule," akasema, "mimi nilikuja kujua baadaye sana, nimeshazaa wa pili. Nilitaka kwenda kumwona nikaogopa. Sasa nitaenda." Akanipa pojo nibebe nyumbani. Nilizibeba, ningefanya nini.

Siku ilipofika jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Nduku alishuka barabarani amevaa lile gauni lake la Jumapili na viatu vya kufunga. Mbuzi walikuwa watatu. Wawili walitembea, wa tatu, beberu mwekundu, aligoma katikati ya soko akakaa chini, na Nduku akawa anavuta huku miwani inateleza. Watu walitoka madukani. Vijana wa boda boda wakatoa simu wakampiga picha, mmoja akawa anatangaza kama mpira. Mimi nilisimama mlangoni pa kibanda changu na tepu shingoni. Nilitaka kwenda kumsukumia yule beberu. Lakini, ninawaambia ukweli, nilirudi ndani.

Aliyekwenda ni Wavinya. Alitoka kwa mjomba wake, akapita katikati ya watu, akampokea Nduku ile kamba ya beberu, akatembea kando yake mpaka mwisho. Hata wale vijana walishusha simu.

Nthenya alikuwa amesimama mlangoni pake. Nduku akamfikia anahema, vumbi mpaka magotini, akamnyooshea kamba mbili kwa mikono miwili, vile unavyompa mtu unayemheshimu. "Mama Wavinya, nimewaleta," akasema. Wavinya naye akanyoosha ya tatu. Nthenya akazipokea. Akaangalia zile kamba, akazijua. Zilikuwa kazi ya mkono wake, zimenunuliwa kwake wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimefika hapo kwa nyuma na nilikuwa namtazama usoni, nikingoja nione ile furaha aliyoingojea miaka ishirini na nne. Haikuja. Alisimama na mbuzi watatu hajui awapeleke wapi, mpaka Musyimi akaja kumpokea.

Baada ya wiki mbili Mbithi alileta wake. Kila kitu kilienda vizuri, watu wakala, pasta akaomba muda mrefu. Wavinya alimtumikia mamake siku nzima kwa adabu, maji ya kunawa, kiti, sahani. Jioni akiingia kwenye gari la kwenda Malili alimshika mkono, akasema, "Mama, nilikuombea ulichotaka. Usinitume tena."

Hajarudi. Simu za mamake hapokei, hutuma ujumbe kwamba yuko darasani, hata Jumapili. Nilisikia ana mimba, na aliyeniambia ni muuza duka wa Mwingi, maana Wavinya huja Mwingi. Akija analala kwa Nduku. Kutoka hapo mpaka Migwani ni mwendo mfupi tu kwa gari, lakini anarudi zake Malili. Mimi pia nilimpigia. Alipokea, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari ya cherehani. Nikataka kumwambia pole kwa siku ile ya jikoni. Nikasema cherehani ni nzima.

Alhamisi iliyopita Nthenya alikuja saa nane kama kawaida. Hakuwa na mkonge, na sijazoea kumwona mikono mitupu. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fungua pale pale," akasema.

Nikafungua. Mistari yangu myekundu ilikuwa hapo yote.

"Huyo msichana," akasema. "Akishampelekea mamake ile sahani yenye kichwa. Anaenda wapi?"

"Haisemi, Nthenya."

"Haisemi kama alikaa na mamake?"

"Haisemi. Hapo habari inahama, wanakuja wanafunzi, halafu ile mikate mitano."

Alijipapasa paja pale penye ngozi ngumu. "Si hii habari iko kwa Mathayo pia?"

"Iko."

"Basi tafuta huko. Labda Mathayo aliuliza."

Nilijua haipo. Nilikuwa nimezisoma zote, wiki ile ya kujifanya mwalimu. Lakini alikuwa ameegemea mbele anangoja, na sikuwa na kingine cha kumpa. Habari yenyewe iko sura ya kumi na nne. Nikafungua sura ya kwanza, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikaanza kumsomea polepole, ili tuchelewe kufika.